Baba wa Shilingi Mia

Mwaka 2009, Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Mtoto, ilifutwa pamoja na mengine sheria moja ya mwaka 1949, iliyokuwa ikimpa mwanamke asiye na mume haki ya kumpeleka mbele ya hakimu mwanamume aliyezaa naye. Na katika sheria hiyo, hata siku ya kufutwa kwake, fedha ya matunzo ambayo hakimu aliweza kumwamuru baba alipe ilikuwa haipiti shilingi 100 kwa mwezi. Zamani za Mwingereza shilingi 100 ilikuwa fedha ya haja, ambayo vibarua wengi hawakuipata kwa mwezi mzima wa jasho; lakini mwaka 2009 haikutosha hata nauli ya daladala ya kumfikisha mama mahakamani kuidai.

Wengi wamekwisha kuucheka udogo wa fedha hiyo, nami sina haja ya kuongeza kicheko. Linalonishughulisha ni namna ya baba ambaye sheria ile ilimdhania: mtu wa kukimbia, wa kukana, wa kukamatwa na kutozwa. Baba wa namna hiyo yupo, tena ni wengi. Ila yule mwingine, ajaye kwa hiari yake na kusema huyu ni mwanangu, ingawa mama yake sikumwoa, hakuandikiwa humo hata mstari mmoja, na hali nchi hii ilikuwa ikimjua tangu kale.

Katika miji ya pwani shauri la nasaba lilikuwa la kadhi, naye alihukumu kwa fikihi: kwamba mtoto hunasibishwa na kitanda cha ndoa, kwamba aliyezaliwa miezi 6 au zaidi tangu ndoa ni wa mume, asemwe asemwavyo, na kwamba aliyezaliwa kwa zinaa nasaba yake ni ya mama, atamrithi mama na akraba za mama, wala hana fungu katika mali ya mwanamume aliyemzaa. Hukumu hiyo ni nzito, nami siilainishi. Walakini pembeni yake palikuwa na mlango, nao ni ikrari. Mwanamume akikiri kwa ulimi wake kwamba mtoto fulani ni wake, na mtoto huyo akawa hajulikani kuwa na baba mwingine, na umri wao ukawa waelekea kuwa wa baba na mwana, na mwenyewe asiseme kwamba alimpata kwa zinaa, basi nasaba ilithubutu, na kurithiana kukafuata. Kadhi hakumchimbua zaidi. Wanazuoni waliona afadhali kumsitiri mtoto kuliko kumfedhehesha mzazi. Ila ulimi ukinyamaza hata mauti yakaja, mtoto alibaki mikononi mwa warithi, na warithi, kama ijulikanavyo, ni wepesi wa kusahau.

Nguvu ya kukiri ilionekana dhahiri zaidi katika majumba ya Unguja. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe waliogawana ufalme, Thuwaini kule Maskati na Majid hapa Unguja, wote walikuwa wana wa masuria, na Barghash aliyetawala baada ya Majid vile vile. Mama zao hawakuozwa kwa mahari na mashahidi. Walikuwa milki ya baba yao. Lakini kwa kuwa bwana aliwakiri, watoto walizaliwa waungwana, wakasimama katika urithi sawa na mwana wa mke wa ndoa. Siusifu usuria, maana ulikuwa tawi la utumwa, na mwanamke hakuulizwa. Nasema tu kwamba mtu wa pwani hakustaajabia mtoto kuwa na baba kamili pasipo harusi ya mama yake. Hata Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotia mhuri amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria, masuria waliwekewa hukumu yao mbali.

Sheria aliyokuja nayo Mwingereza ilikuwa na ukoo mwingine kabisa. Ilizaliwa Uingereza mwaka 1576, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na sababu yake haikuwa huruma juu ya mtoto, bali hofu ya parokia kubebeshwa mzigo: watoto wa nje walikuwa wakilelewa kwa sadaka ya walipa kodi, basi mahakimu wakapewa uwezo wa kumtafuta baba na kumtoza. Hofu hiyo ya kihazina, iliyorekebishwa mara kadhaa katika karne zilizofuata, ndiyo iliyovuka bahari ikatua Tanganyika mwaka 1949. Mama alitakiwa alete lalamiko kabla ya kujifungua au ndani ya miezi 12 baadaye. Akichelewa, athibitishe kwamba mwanamume aliwahi kutoa fedha za matunzo katika miezi hiyo. Tena neno lake peke yake halikutosha, shurti liungwe mkono na ushahidi mwingine. Mdai ni mama, mdaiwa ni baba, na hukumu ikiisha kutoka baba alipata deni, wala hakupata mwana: sheria haikumpa ulezi, haikumpa haki ya kumtembelea mtoto, wala haikumfanya mtoto huyo mrithi wake.

Bara nako kulikuwa na njia zake, na baada ya uhuru zikaandikwa. Kazi ya kuzikusanya ilikuwa imefanywa kwa miaka mingi na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa serikali katika mila za wenyeji, aliyefariki mwaka 1962; na mwaka 1963 serikali ikatangaza amri ya sheria za mila kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. Humo mwanamke mwenye mimba alipewa haki ya kumtaja mhusika, na aliyetajwa hakuweza kukana ila athibitishe kwamba hakumwingilia. Tazama jinsi mzigo wa ushahidi ulivyogeuzwa: mbele ya hakimu wa Kiingereza mama alitafuta wa kumuunga mkono, mbele ya wazee mwanamume ndiye aliyehangaika.

Amri ile ile ilimtambua na baba ajaye mwenyewe. Aliweza kumhalalisha mtoto wakati wowote kwa kumwoa mama yake. Na asipotaka kuoa, aliweza kumkomboa kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100, kabla mtoto hajalikizwa ziwa. Shilingi 100 tena! Moja ilikuwa ya kila mwezi na haikununua kitu chochote kwa baba. Nyingine ya mara moja, ikamletea mwana kamili, ingawa mama, ambaye ndiye aliyebeba mimba, hakupewa hata senti katika hesabu hiyo. Asiyelipa, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Kwa Waluguru au Wamakonde, wafuatao upande wa mama, maneno hayo yote yalikuwa ya bure, maana mtoto awe wa ndoa au asiwe, ni wa ukoo wa mama na wajomba zake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipita kando ya jambo hili. Iliwadhania kuwa wameoana waliokaa pamoja miaka 2 kwa sifa ya mke na mume, ikawasaidia watoto wa nyumba kama hizo, basi. Zanzibar ilikwenda kinyume zaidi: kwa sheria ya mwaka 1985 mwanamke asiye na mume aliyepata mimba aliweza kufungwa hata miaka 2, hivyo kumtaja baba kukawa ni kujishitaki nafsi yake kwanza. Kifungo hicho kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 2005.

Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyo ya Tanzania Bara, ndiyo iliyobadili mpangilio wa chumba cha mahakama. Anayeweza kuomba uzazi uthibitishwe ni mtoto mwenyewe, au mzazi, au mlezi, au ofisa wa ustawi wa jamii. Na neno mzazi halikuandikiwa mama peke yake, hivyo baba asiyeoa anaingia kwa mlango wa mbele, na anaweza kuomba ulezi au ruhusa ya kumwona mwanawe. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya vinasaba, na sampuli zikawa za kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini vinasaba si shahidi wa pekee. Mahakama imeagizwa kutazama pia jina lililomo katika daftari la vizazi, ikrari ya baba mbele ya watu, kukataa kwake kupimwa, na sherehe ya kimila aliyomfanyia mtoto. Kadhi wa zamani na mzee wa bara, kila mmoja angeliona neno lake limo.

Maombi hayo huweza kuletwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Na baba akifariki bila ya kusema neno, shauri halizikwi pamoja naye: sheria imeliachia muda wa miaka 3 baada ya mauti yake.