Kuzunguka Irlande kwa gari: uangalie mupaka usio na bariere

Wandugu wetu wako Irlande: wengine walienda kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine walipokelewa kule kama wakimbizi. Siku mutu wa familia anapata njia ya kwenda kuwatembelea, swali linalofuata ni hili: tutamuonyesha inchi namna gani? Mara mingi jibu ni kukodisha gari kwa wiki moja na kupita muji kwa muji.

Ni wazo zuri. Irlande (wengine wanaandika Ayalandi) si inchi kubwa. République yake ina kilometa za mraba karibu 70 000, inapita Kivu ya Kusini kidogo tu, na barabara zake ni za lami karibu kila fasi. Lakini kuko jambo moja ambalo linaweza kuharibu safari yote ya Mukongomani: mupaka. Sisi huku tumezoea mupaka wenye bariere, askari na muhuri. Hakuna mutu anaweza kupita Goma ao Ruzizi bila kujua kama amevuka. Kule unaweza kuvuka na usione hata kamba.

Kisiwa kimoja, inchi mbili

Tangu 1921 kisiwa cha Irlande kimegawanyika. Sehemu kubwa ni République d'Irlande. Muji wake mukubwa ni Dublin na feza yake ni euro. Sehemu ndogo ni Irlande ya Kaskazini. Muji wake mukubwa ni Belfast, feza yake ni pound, na iko chini ya Uingereza.

Mupaka kati yao una karibu kilometa 500 na unakatwa na barabara zaidi ya 200. Wakati wa vita ya Kaskazini kulikuwa askari na vituo vya ukaguzi. Kisha mapatano ya amani ya 1998, vitu hivyo viliondolewa. Kwa wakaaji wa kule, barabara wazi ni tunda la amani na wanalilinda sana. Lakini barabara wazi haimaanishi kama sheria ya visa imekufa.

Hii ndiyo sheria kwa Mukongomani: visa ya Irlande haikubaliwi Kaskazini, na visa ya Uingereza haikubaliwi Dublin. Visa ya Schengen haifanyi kazi hata fasi moja kati ya hizo mbili. Kuko mupango wa visa moja ya inchi zote mbili, lakini ni wa Wachina na Wahindi. Na karte ya ukaaji ya Irlande haitoshi: ndugu yako anayeishi Dublin na pasiporti ya Congo, yeye pia inaomba visa ya Uingereza mbele ya kwenda Belfast. Mwenye uraia wa Irlande ndiye anapita bila shida.

Kuko mutego wa pili. Visa ya kuingia mara moja inamalizika siku unatoka mu République. Ukienda Belfast, hata kama uko na visa ya Uingereza, kurudi Dublin kunaomba visa ya kuingia mara mingi. Bei yake ni euro 100. Ile ya mara moja ni euro 60. Maombi yanaanzia ku intaneti, na unaweza kuyatuma miezi mitatu mbele ya safari.

Wengine watasema: «Kama hakuna bariere, nani ataniona?» Polisi wa pande zote mbili wanasimamisha bisi na magari wakati wanataka, zaidi sana ku njia ya Dublin-Belfast. Mutu anaweza kufungwa na kufukuzwa, na kosa hilo linabakia mu dosie yake wakati wa kuomba visa ingine.

Njia ya siku saba bila kuvuka

Muzuri ni kwamba unaweza kuona mambo mengi ya Irlande bila kukaribia mupaka. Uende magharibi na kusini. Huu ni mufano, na tumechagua pia fasi ambazo historia ya Congo ilipita.

Siku ya 1, Dublin. Usichukue gari siku hiyo: muji una bisi na tramu, na kuegesha gari ni bei kali. Ku makaburi ya Glasnevin kuko kaburi la Roger Casement. Alikuwa konsuli wa Uingereza mu Congo ya Léopold II. Mu 1903 alipanda mutoni kuuliza watu juu ya mateso ya kauchu, na ripoti yake ya 1904 ilisaidia ulimwengu kujua. Kisha aliingia mu mapambano ya uhuru wa Irlande, na Waingereza walimunyonga mu 1916. Ku Glasnevin pia wamezikwa wengi kati ya askari tisa wa Irlande, wa ONU, waliouawa ku Niemba, mu Tanganyika ya leo, tarehe 8 Novemba 1960.

Siku ya 2, Galway. Kutoka Dublin ni kilometa karibu 210, saa mbili na nusu. Katikati ya njia kuko Athlone, muji wa kambi ya Custume. Kambi hiyo iko na ukumbusho wa kampuni iliyopigana ku Jadotville, Likasi ya leo, mu Septemba 1961.

Siku ya 3, miamba ya Moher. Inasimama juu ya bahari, fasi ingine mita 214. Upepo ni mukali. Ushike watoto mukono.

Siku ya 4, Kerry. Ku Killimer unapakia gari mu bato, na kisha dakika karibu 20 unatoka Tarbert, ngambo ya mutoni Shannon. Mbele ya kufika Killarney unaweza kupita pwani ya Banna, fasi Casement alishuka kutoka mu sumarini ya Wajerumani mu Aprili 1916. Alikamatwa siku ile ile.

Siku ya 5, muzunguko wa Kerry. Ni kilometa 179, lakini barabara ni nyembamba, na utasimama mara mingi kwa kuangalia milima na bahari. Uhesabu siku nzima, na ulale tena Killarney.

Siku ya 6, Cork. Karibu yake kuko bandari ya Cobh, fasi ya mwisho ambako meli Titanic ilisimama mu Aprili 1912.

Siku ya 7, kurudi Dublin. Ni kilometa karibu 260 ku otoruti. Ku Cashel unaweza kusimama kuangalia kanisa na ngome za zamani juu ya mwamba.

Usipange zaidi ya saa tatu ao ine za kuendesha kwa siku. Ukumbuke pia majira: mu Juni jua linazama karibu saa ine ya usiku, lakini mu Desemba giza linaingia saa kumi na moja kasoro. Njia ya siku moja mu Juni inaweza kuwa ya siku mbili mu Desemba.

GPS haijui visa yako

Mutego mukubwa uko kwa wale wanataka kufika Donegal. Jimbo hilo liko kaskazini kabisa ya kisiwa, lakini ni la République. Kutoka Dublin, GPS inatafuta njia ya mufupi, na njia hiyo inapita Omagh ao Enniskillen, ndani ya Uingereza. Inaomba uilazimishe kupita Sligo kwa barabara N4, kisha N15. Ni murefu zaidi, lakini unabakia mu République. Tena kati ya Clones na Cavan barabara moja inavuka mupaka mara ine mu kilometa kidogo tu.

Namna ya kujua umevuka: mustari wa kando ya barabara unatoka ku rangi ya manjano unakuwa mweupe, vibao vya mwendo vinahesabu kwa maili, na majina ya fasi hayaandikwe tena kwa luga mbili. Ukiona hivyo na hauna visa, geuka fasi ya kwanza yenye usalama na urudi.

Gari na shoferi

Kule wanaendesha upande wa kushoto. Mashoferi wetu wanaofika Kampala ao Mombasa wamezoea. Wengine wajifunze fasi ya pole pole mbele ya kuingia mu otoruti. Mwendo wa mwisho ni kilometa 120 ku otoruti, 100 ku barabara za kitaifa, na 50 mu miji. Ku barabara ndogo za vijijini umeshushwa mu Februari 2025, kutoka 80 mupaka 60.

Mugeni anaweza kuendesha na permi ya inchi yake kama ingali na nguvu. Lakini mbele ya kulipa, uulize kampuni ya gari kama inakubali permi ya Congo ao kama inaomba permi ya kimataifa. Kampuni mingi zinataka shoferi mwenye miaka 25 na zaidi, na karte ya banki yenye jina lake mwenyewe. Mutoto mwenye urefu chini ya sentimeta 150 na uzito chini ya kilo 36 anakaa mu kiti chake. Ndugu anayeishi kule, yeye permi ya Congo haimutoshi tena kisha mwaka moja: inaomba apite masomo ya kuendesha na mutihani wa kule.

Ku barabara M50 inayozunguka Dublin kuko peaje bila mutu wa kupokea feza. Kamera inapiga namba ya gari, na unalipa mbele ya saa mbili ya usiku ya kesho yake. Ukisahau, inaongezwa faini. Kwa ajali ao hatari yoyote, piga 112.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, mupango wa safari hii unafuata utaratibu huu: kwanza visa na idadi ya mara inaruhusu kuingia, pili njia ku karte, tatu gari, na mwisho nyumba za kulala. Wengi wanaanzia ku picha za fasi nzuri na wanamalizia ku visa. Kwa mwenye pasiporti ya Congo, utaratibu huo wa kinyume unaweza kumaliza safari ku kituo cha polisi, pembeni ya barabara ambako hakukuwa bariere hata moja.