Bendi Iliyoambiwa Haipo

Tarehe 22 Septemba 1975, wanamuziki wa bendi ya Renft walifika mbele ya tume ya utamaduni mjini Leipzig, Ujerumani Mashariki, wakiwa na vyombo vyao. Walikuja kupiga mbele ya wakaguzi ili kibali chao kihuishwe. Hawakupewa nafasi ya kupiga hata wimbo mmoja. Mwanamama aliyeongoza tume aliwaeleza kwamba mashairi yao yanalitusi tabaka la wafanyakazi na vyombo vya dola, na kwamba kwa mtazamo wa tume bendi hiyo haipo tena. Wakauliza kama maana yake ni kwamba wamepigwa marufuku. Wakajibiwa kwamba hakuna aliyetamka neno marufuku. Kilichosemwa ni kwamba hawapo.

Kila ninapokisimulia kisa hiki darasani, wanafunzi hucheka. Kicheko hukoma ninapowauliza: je, ungekata rufaa dhidi ya nini? Marufuku ni uamuzi. Una tarehe, una sahihi, una kifungu cha sheria ambacho mwanasheria anaweza kukihoji. Kauli kwamba kitu hakipo haina lolote kati ya hayo. Aliyeitoa hakukiri kwamba ametenda jambo, na aliyeambiwa hana cha kupeleka ngazi ya juu. Ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma safu hii waitafakari mbinu hiyo kwa makini, kwa kuwa haikuhitaji bunduki wala mahakama. Ilihitaji meza, jalada na afisa mwenye uhodari wa lugha.

Wengi wetu tunaikumbuka Ujerumani Mashariki kwa mambo mengine. Zanzibar ingali na maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Ilikuwa dola iliyojali makazi, shule na zahanati, na kumbukumbu hiyo si ya uongo. Lakini ilikuwa pia dola ambamo mtu hakuweza kupiga gitaa ukumbini kwa malipo bila kibali. Kikundi kilikaguliwa na kupangiwa daraja, na daraja ndilo lililoamua ujira. Amri ya 1958 ilitaka asilimia 60 ya muziki unaopigwa itoke nchini humo au katika nchi nyingine za kisoshalisti.

Ilikuwa mwaka huohuo wa 1958 ambapo kijana Klaus Jentzsch, aliyejiita Renft kwa jina la ukoo wa mama yake, alianzisha bendi yake ya kwanza Leipzig. Ilizuiwa 1962. Akaanzisha nyingine, The Butlers, nayo ikazuiwa Oktoba 1965, safari hii pamoja na bendi nyingi za vijana wa mji ule. Tarehe 31 Oktoba vijana walikusanyika katikati ya mji kupinga. Polisi waliwatawanya, wakakamata zaidi ya 200, na baadhi ya waliokamatwa wakapelekwa kufanya kazi ya lazima kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Jentzsch alirudi jukwaani 1967 kwa jina la awali, Klaus Renft Combo.

Ninasisitiza miaka hii kwa sababu historia ya bendi nyingi za roki ni orodha ya watu wanaoingia na kutoka: huyu kagombania fedha, yule kaoa, mwingine kachoshwa na safari. Kwa Renft, sura za bendi zilibadilika hasa kwa kadiri siasa ilivyobadilika. Erich Honecker aliposhika uongozi wa chama 1971, kamba ililegezwa kidogo. Serikali ikaanza kuona kwamba vijana wakipata roki ya Kijerumani nyumbani, huenda wasiitafute kwenye redio za Magharibi. Renft, wakiwa na waimbaji Thomas Schoppe na Peter Gläser, mpiga kinanda Christian Kunert na mtunzi wa mashairi Gerulf Pannach, walitoa santuri mbili kupitia Amiga, lebo ya dola, 1973 na 1974. Vijana walizipokea kwa shauku.

Kilichowaponza ni maneno. Pannach aliandika kuhusu vijana waliokataa kubeba silaha jeshini, na kuhusu mtu anayetaka kuvuka kwenda upande wa pili. Hakuitukana serikali, alitaja tu mambo ambayo kila familia iliyajua na hakuna gazeti lililoyaandika. Santuri ya tatu haikutoka. Ndipo ikaja siku ile ya Septemba.

Baada ya hapo bendi ilisambaratika. Jentzsch alihamia Berlin Magharibi 1976. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ilimvua uraia mwimbaji Wolf Biermann akiwa ziarani Magharibi, na katika msako uliofuata Pannach na Kunert walikamatwa. Walikaa mahabusu ya polisi wa siri, Stasi, hadi Agosti 1977, kisha wakatolewa moja kwa moja hadi Berlin Magharibi. Schoppe aliondoka 1978. Gläser na mpiga ngoma Jochen Hohl walibaki na kujiunga na kikundi kingine cha Leipzig, Karussell. Sioni haki ya kuwahukumu. Kubaki nako kulikuwa na gharama zake, na si kila mtu ana pa kwenda.

Mfano wa kulinganisha ni Puhdys, bendi iliyoanza 1969. Dieter Birr, Dieter Hertrampf na Peter Meyer walikuwemo tangu mwanzo hadi ilipoaga Januari 2016. Waliruhusiwa kupiga Magharibi, wakatunukiwa Nishani ya Taifa 1982. Walikuwa wanamuziki wazuri, na si haki kuwaita vibaraka. Ila utulivu wao wa miaka mingi haukutokana na urafiki pekee. Mfumo uleule uliowakana Renft uliwatambua wao.

Ukuta ulipoanguka, Renft walikusanyika tena 1990. Umoja haukudumu. Wakati huu walitengana wenyewe, kwa ugomvi wa kawaida wa bendi, na ninakiri kwamba naona kitu cha kufariji katika hilo. Pannach alifariki 1998, Jentzsch 2006, Gläser 2008. Schoppe ndiye aliyeendelea na jina.

Tunayajua yaliyosemwa mbele ya tume neno kwa neno kwa sababu moja. Siku ile Jentzsch aliingia chumbani na kinasa sauti alichokificha, na kanda ilikuwa inazunguka muda wote afisa alipokuwa akizungumza.