Zana ya kusaka nambari za simu: Jinsi maelezo yake yanavyoandikwa

ZANA ya kusaka nambari za simu ni programu ndogo inayomwezesha wakala wa akili unde kupata nambari ya mtu katika orodha iliyohifadhiwa simuni. Wakala ni programu inayotekeleza kazi kwa niaba ya mwenye simu: kupiga simu, kuandika ujumbe au kutuma pesa. Yeye mwenyewe haijui orodha hiyo. Huiuliza zana, nayo humjibu.

Zana hiyo huambatana na maelezo ya maandishi. Binadamu huyasoma maelezo ya chombo anapokwama. Wakala, kinyume chake, huyategemea kila anapoamua ni zana ipi aitumie na kwa njia gani. Lisiloandikwa atalibuni. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipochapisha kanuni za Model Context Protocol, watengenezaji wengi hufuata muundo mmoja: jina la zana, ufafanuzi wa kazi yake, na orodha ya vigezo inavyopokea.

Uzito wa jambo hili hudhihirika vijijini. Chukua mfano wa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, eneobunge la Voi, kaunti ya Taita Taveta. Ardhi hiyo i kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hupita humo. Mkulima anapomwamuru wakala, "Mpigie Mwadime, ndovu wameingia shambani," huenda simuni mna akina Mwadime watatu: askari wa wanyamapori, mwendeshaji bodaboda na shemeji yake. Zana ikirudisha wa kwanza pekee, wakala atampigia huyo bila kujua kuwa wapo wengine, na mahindi yataendelea kuliwa.

VIGEZO VYA USAKAJI

Maelezo hayana budi kutaja jinsi jina linavyolinganishwa. Majina mengi ya wanaume wa Kitaita huanza kwa "Mwa", hivyo kusaka kwa herufi tatu za mwanzo kwaweza kuleta nusu ya orodha. Aidha, sauti "gh" huandikwa kwa namna tofauti. Anayeitwa Mghoi aweza kuwa amehifadhiwa kama Mgoi. Zaidi ya hayo, wengi huhifadhiwa kwa wadhifa, kazi au jina la mtoto: Chifu, Fundi Mabati, Mama Mghoi. Maelezo yaseme iwapo zana husaka jina pekee au pia vyeo na maneno ya ziada yaliyoandikwa kando ya jina.

Nambari nazo zina maumbo mawili. Inayoanza kwa 07 au 01 ndiyo ile ile inayoanza kwa +254 baada ya sifuri kuondolewa. Zana isiyolijua hili itamhesabu mtu mmoja kuwa wawili.

MAJIBU

Majibu yako ya aina nne, na kila moja lapasa kuelezwa peke yake: amepatikana mmoja, wamepatikana kadhaa, hakupatikana yeyote, usaka haukufanyika kwa sababu ya hitilafu au kukosa idhini. Aina mbili za mwisho zikichanganywa, wakala atamwambia mkulima kwamba nambari ya askari haimo simuni, ilhali imo.

Wanapopatikana kadhaa, maelezo yaagize wazi kwamba wakala asichague, bali amuulize mwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, nambari ya simu nchini Kenya imekuwa pia akaunti ya pesa. Kukisia jina ni kukisia mpokeaji.

Maelezo yakumbushe pia kuwa maneno yaliyo ndani ya orodha ni taarifa tu, si amri. Mtu akijihifadhi kwa jina lenye agizo la kutuma pesa, wakala asilitii.

SHERIA

Orodha ya simu ina taarifa za watu ambao hawakuulizwa kama wakala aruhusiwe kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka taarifa zinazotumiwa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi husika. Kwa hivyo zana irudishe jina, wadhifa na nambari inayotakiwa, si orodha nzima, na maelezo yataje kikomo cha majibu. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine kuwatumia wahusika vitisho.

Kipimo cha maelezo bora ni chepesi. Asiyeijua zana ayasome, kisha aulizwe zana itafanya nini ikikuta akina Mwadime watatu. Akilazimika kukisia, wakala naye atakisia.