Piretre: ua la milima yetu na mikono iliyolichuma

Tukiuliza wanafunzi wetu wa Butembo piretre ni nini, wanajibu: dawa ya kuua wadudu. Njo kweli. Lakini ni wachache wanaojua kwamba dawa ile inatoka ku ua jeupe lenye moyo wa manjano, la jamaa moja na krizantemu ambazo Wabeleji wanapeleka kwenye makaburi mwanzo wa mwezi wa 11.

Asili yake si kwetu. Lilitoka Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Kenya, ambako wanaliita pareto, ililipokea mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 wakoloni walilipanda ku milima ya Kivu, na kwetu Lubero, juu linapenda baridi: bila usiku wa baridi unapata majani mengi, maua hakuna. Japani, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilipoingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza mwaka 1941, piretre ya Afrika ilitafutwa sana. Kongo ya Wabeleji nayo ililima kwa ajili ya vita.

Vitabu vinataja wakoloni. Mikono haitajwi sana, na thamani yote iko pale. Ua linachumwa kwa vidole, kichwa peke yake, wakati limefunguka vizuri. Kikonyo hakina nguvu. Karibu dawa yote iko katika mbegu changa ndani ya kichwa. Ukiharakisha, dawa ni kidogo, ukichelewa, inapungua. Kiisha wiki mbili ao tatu unarudi shamba lile lile. Usiyakandamize maua katika mufuko: yanapata moto, yanaoza. Yatandaze siku ile ile juani, ao ku moto mudogo. Kilo 4 ao 5 mbichi zinatoa kilo 1 kavu, na hiyo kavu uiweke mbali na mwangaza na unyevu. Mwenye kuchanganya maua mabovu anashusha bei ya kijiji kizima.

Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilinyanganya wageni mashamba yao, na mengi yaliharibika. Miaka ile ile viwanda vya Ulaya vilitengeneza dawa za kuiga piretre. Hata hivyo, katika Kivu ya Kaskazini wakulima wadogo hawakuliacha ua.

Kisha vita. Mwaka 2024 ilifika kusini ya Lubero, na mwisho wa mwezi wa 6 Kanyabayonga ilitekwa. Mwenye kukimbia anaweza kuacha viazi vingoje kidogo udongoni. Ua halingoji. Wiki tatu mbali na shamba, na chumo lote limekwenda.

Njo maana tunawaomba vijana: mukiona mama anatandaza maua juu ya mukeka, musipite tu. Muulizeni anajuaje kama ua limekomaa, anajuaje kama limekauka. Mashamba yanaweza kupandwa tena. Ujuzi wa mikono ile, ukizikwa na wazee, hatutaupata ku kitabu.