Baraka na Fizi: Kuenda ku sinema wakati mwili hauna nguvu

Katika kartye za Baraka, filme inaonwa zaidi ndani ya vyumba vya video: nyumba ya mbao ao ya matofali, mabati juu, televizyo mbele, benchi zisizo na mugongo, jenereta karibu na mulango. Watu wanaangalia filme za Nigeria, za Wahindi, za karate, na zile za Tanzania ambazo zilifanya jina la Steven Kanumba lijulikane pande zote za Ziwa Tanganyika mbele ya kifo chake Aprili 2012. Siku za mpira wa Ulaya hakuna hata fasi ya kuweka muguu.

Kwa mutu muzima, hayo ni mapumziko. Lakini kuko wakaaji ambao saa mbili za filme zinawagharimu siku mbili ao tatu kitandani. Mutu anaenda, anacheka na wengine, anarudi vizuri. Kesho yake, ao kesho kutwa, mwili unaanguka: viungo vinauma, kichwa kizito, hata kubeba ndoo ndogo ya maji kunamushinda. Nyumbani wanasema ni uvivu, juu ya sinema alikuwa na nguvu ya kuenda. Wengine wanasema amerogwa. Kwa mugonjwa, maneno hayo yanaumiza kuliko hata viungo.

Uchovu gani huo?

Kila mutu anachoka. Mwenye kulima siku nzima ku milima ya Fizi anachoka, analala, asubuhi anaamuka na nguvu. Uchovu sugu ni kitu kingine. Katika mwaka 2015, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa alama za kuutambua. Uwezo wa mutu kufanya kazi zake unashuka sana kwa miezi 6 ao zaidi, na kupumzika hakumalizi uchovu. Kila akijikaza kidogo, kwa mwili ao kwa akili, hali inakuwa mbaya zaidi. Usingizi haumurudishii nguvu. Tena anakuwa na moja ya mambo haya mawili: kichwa kinachosahau na kushindwa kufuata mazungumuzo, ao mwili usiovumilia kusimama, kizunguzungu na moyo kupiga mbio mpaka alale.

Ile ya kujikaza ndiyo alama kubwa, na ndiyo inadanganya watu. Mara nyingi kuanguka hakuji palepale. Kunakuja saa 12 mpaka 48 nyuma ya kazi, na kunaweza kudumu siku ao wiki. Ndiyo maana mugonjwa anaonekana muzima ndani ya chumba cha video siku ya posho, na siku ya yenga hawezi kufika kanisani. Majirani waliona siku ya posho tu.

Mara nyingi ugonjwa unaanza nyuma ya homa ao ambukizo fulani ambalo lenyewe limekwisha kupona. Ilionekana tena na Covid kuanzia 2020. Hata waliopona Ebola, ugonjwa uliofika Kivu ya Kusini katika Mwenga Agosti 2019, wengi wao wanabaki na uchovu wa muda mrefu. Wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume. Mpaka sasa hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha, na hakuna dawa ya kuuponyesha. Yeyote anayeuza chupa ya dawa ya miti ku soko na kuahidi kwamba utapona kwa wiki moja, anauza maneno.

Kutokuaminiwa hakukuanza hapa kwetu. Katika 1955, wafanyakazi wa hopitali ya Royal Free mujini London walipatwa na ugonjwa wa namna hiyo, watu 292, mpaka hopitali ikafungwa kwa muda. Miaka 15 baadaye, wanganga wawili waliandika kwamba ilikuwa tu woga wa kuambukizana akilini, na moja ya sababu walizotoa ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Uingereza waliambiwa wafanye mazoezi, waongeze kila wiki. Ni Oktoba 2021 tu ndipo NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matunzo katika inchi hiyo, iliondoa ushauri huo. Kwa hiyo mutu wa Baraka anayeambiwa "jikaze tu" anapewa shauri ambalo hata NICE imeliacha.

Kwanza kupimwa

Hapa inapashwa kusemwa wazi: katika Fizi, uchovu mwingi unatoka ku mambo mengine, na mengi yako na dawa. Malaria inayorudi-rudi. Upungufu wa damu, zaidi kwa mama wajawazito na watoto. Minyoo ya safura. Bilharzia, ambayo iko ndani ya Ziwa Tanganyika. Kifua kikuu, VIH, kisukari, maradhi ya ini, ugonjwa wa seli mundu ambao wengi wanauita SS. Huzuni nzito nyuma ya vita na kukimbia nayo inamaliza nguvu. Mutu asijipe mwenyewe jina la uchovu sugu bila kupita ku kituo cha afya. Hata kama pesa ni kidogo, apimwe malaria na damu kwanza; na kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, makohozi yapimwe mbele hajaingia tena ndani ya chumba kilichojaa watu.

Kinachokula nguvu ndani ya chumba cha video

Watu wanafikiri ni filme. Filme ni sehemu ndogo. Nguvu ya mugonjwa wa namna hii ni kama simu ambayo betri yake imezeeka: unaiacha ku chaji usiku kucha, asubuhi iko nusu, na kila kitu kidogo kinaikula. Kutembea mpaka kule ku jua. Kusimama ku mulango kungoja wa kwanza watoke. Kukaa saa mbili ku benchi bila mugongo, ambapo mishipa ya mugongo inafanya kazi wakati wote. Joto: Baraka iko chini ku ziwa, na mabati ya saa nane hayana huruma. Sauti iliyofunguliwa mpaka mwisho, mwanga unaowaka na kuzima. Kufuata hadisi pamoja na sauti ya mutu anayetafsiri juu yake. Kisha kurudi usiku. Kwa anayeshuka kutoka Fizi-kati, kuna tena njia ya milima ku moto, na kutikisika kule peke yake kunatosha kumulaza.

Na kuna jambo la jenereta, ambalo linahusu kila mutu. Moshi wake uko na gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayochukua fasi ya hewa safi ndani ya damu. Kidogo inaleta kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, mingi inaua. Kama watu kadhaa wanatoka katika chumba kimoja na kichwa kinawauma wote, kosa si la filme. Jenereta inapashwa kuwa nje kabisa, mbali na mulango na madirisha. Musimamizi anayeiingiza ndani juu ya mvua ao wezi anacheza na maisha ya watu.

Sinema ya hewani, ile inayoonyeshwa usiku ku uwanja, ina hewa nzuri lakini inaomba kusimama. Mwenye mwili usiovumilia kusimama aende na kiti chake ao mukeka, afike mapema, akae pembeni. Akilala huku muguu umeinuliwa kidogo, damu inarudi vizuri ku kichwa. Watu wataangalia. Wakizoea, wataacha.

Kupanga siku mbele na siku nyuma

Tuchukue mufano wa mama anayeuza ndagala na anayetaka kuona filme siku ya posho saa kumi. Kama asubuhi amefua nguo za nyumba nzima na kukaa ku soko mpaka saa saba, filme ile atailipa sana. Nguo zinapashwa kungoja, ao mutoto mukubwa azifue. Siku ya tano afanye kazi nusu. Siku ya yenga asiweke safari, na hata ibada ndefu ifikiriwe. Hayo yanaonekana kama mambo ya tajiri, na ni kweli kwamba mwenye kula kile alichouza leo hana uhuru huo wote. Ndiyo sababu ndugu na majirani wanahitajika: ndoo moja ya maji iliyotekwa na mwingine inaweza kuwa ndiyo filme yenyewe.

Pesa nayo ihesabiwe kwa ukweli. Bei ya kuingia ni ndogo. Bei ya moto kuenda na kurudi inaipita. Lakini kama moto inamuokoa mutu siku moja ya kitanda, si anasa. Afazali filme moja kwa mwezi na moto kuliko filme nne kwa muguu.

Ndani, kiti cha ukutani ni bora kuliko benchi ya katikati, juu ya ukuta unashika mugongo. Karibu na mulango kuna hewa na njia ya kutoka. Pamba ndani ya masikio inapunguza sauti bila kuifuta. Maji yawe mukononi. Na mutu apatane na rafiki wake kabla: nikikugusa mukono, tunatoka, hata kama mwizi wa filme bado hajakamatwa. Wengi wanabaki mpaka mwisho juu ya haya ya kusumbua wengine ao juu ya faranga walizolipa. Faranga hizo zimekwisha kuenda. Nguvu iliyobaki ndiyo ya kuokoa.

Kuna wanaosema: wekesha filme ku kadi ya simu, uangalie kitandani dakika ishirini-ishirini. Ni shauri zuri kwa siku mbaya, na kwa wale ambao hawatoki nyumba hakuna lingine. Jennifer Brea, mugonjwa wa Marekani, alitengeneza filme nzima inayoitwa Unrest akiwa mara nyingi kitandani, akiongea na wapiga picha kupitia intaneti. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2017. Lakini kwetu filme haiangaliwi kimya. Watu wanapiga kelele, wanamuonya mwenye kufuatwa, wanabishana mpaka inje. Simu haitoi ile.

Wenye vyumba vya video wanaweza kufanya kitu bila gharama kubwa: viti viwili vya plastiki vyenye mugongo karibu na mulango kwa wagonjwa, wazee na wajawazito, kipindi kimoja cha alasiri chenye sauti ya chini, mapumziko ya dakika kumi katikati. Katika inchi za Ulaya kuko nyumba za sinema zinazofanya vipindi vya namna hiyo, taa ikiachwa kidogo na watu wakiruhusiwa kutoka na kurudi.

Anayejiona katika alama hizi achukue daftari kwa wiki mbili. Aandike kila siku alichofanya, alivyolala, na siku gani mwili ulianguka. Munganga ambaye ako na wagonjwa arobaini mulangoni hatakuwa na wakati wa hadisi ndefu, lakini ukurasa mumoja ataupitia. Pale ndipo itaonekana kama kuanguka kunafuata kazi kwa siku moja ao mbili, ao kama ni homa inayorudi kwa saa zake, na hiyo ya pili iko na kipimo na dawa.