Biodizeli ya nyumbani: namna ya kuiosha kabla haijaharibu mashine

Mazutu inapokosekana vituoni Bujumbura, kama ilivyotokea mara nyingi miaka ya karibuni, wazo la kutengeneza mafuta ya mashine kutokana na mawese, au mafuta yaliyokwisha kukaangia sambusa, linavutia. Mafuta huchanganywa na methanoli na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Baada ya saa kadhaa gliserini, nzito na nyeusi, hutuama chini na kuondolewa.

Biodizeli inayobaki juu huonekana safi, lakini bado imebeba methanoli, soda na sabuni. Sabuni huziba chujio. Methanoli na soda hula mipira na baadhi ya metali za pampu. Kwa kikundi kilichonunua kinu cha kusaga kwa mkopo, pampu ikifa kinu kimesimama.

Kabla ya kuosha, jaribu kwanza. Tia biodizeli nusu na maji nusu kwenye chupa ndogo inayoonyesha ndani, itikise kwa nguvu, uiache nusu saa. Vikitengana vizuri, endelea. Ikibaki kitu kizito kama uji mweupe, mafuta hayakugeuka yote au sabuni ni nyingi mno. Hali hii hutokea sana kwa mawese mabichi na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, kwa sababu ya asidi yake.

Maji ya kwanza yawe ya uvuguvugu, karibu theluthi ya mafuta, na yamiminwe taratibu kama manyunyu. Usikoroge. Maji ni mazito kuliko biodizeli, hivyo yatashuka yakiwa meupe kama maziwa. Yatoe kwa chini, rudia, na kuanzia mara ya tatu unaweza kukoroga kidogo. Acha pale maji yatakapotoka maangavu. Uji ukijitokeza katikati, maji ya chumvi ya uvuguvugu husaidia kuutenganisha.

Biodizeli iliyotoka kuoshwa huwa na ukungu, maana bado ina maji. Iache kwenye chombo kipana mahali penye hewa hadi uweze kusoma maandishi kupitia chupa iliyojaa. Jua la Bujumbura linatosha. Usiipashe juu ya mkaa.

Methanoli ndiyo hatari kubwa kuliko yote. Kiasi kidogo hupofusha au kuua, na aliyeinywa anaweza kujiona mzima kwa saa nyingi kabla dalili hazijaanza, kwa hiyo apelekwe hospitali papo hapo. Moto wake hauonekani vizuri mchana. Kwa maoni yetu kazi hii haifai kambini, ambako nyumba zimebanana, wala jikoni. Ifanyike nje, kwa glavu na miwani, mbali na watoto.

Maji machafu yasimwagwe mferejini. Mifereji huingia Ntahangwa, Muha na Kanyosha, mito hiyo huingia Ziwa Tanganyika, na Regideso huchota humo maji ya kunywa ya mji. Chimba shimo mbali na kisima na bustani.

Biodizeli ni ya injini za mazutu tu. Usiitie kwenye pikipiki, taa wala jiko. Anza kwa kuichanganya kidogo na mazutu ya kituo. Na kama gari linapanda Bugarama, kumbuka kuwa biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye baridi ya nyuzi 15 hivi: iliyokuwa majimaji Bujumbura inaweza kuziba chujio huko milimani alfajiri.