MTAJI ULITOKA WAPI?
Kumbukumbu ya biashara ndogo za akina mama wa Makambako



Katika kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, kamati ya sherehe iliomba yaandikwe maelezo mafupi juu ya biashara ndogo za akina mama wa hapa, zilivyoanza na zilivyofika hapa zilipo. Sababu ni kwamba kila wiki anakuja binti au mama na swali lile lile: "Nataka kuanza biashara, nitapata wapi mtaji?" Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo.

Mji huu umezaliwa na njia panda. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibanwa, ikabidi shaba na mafuta yake vipite kwetu kwa malori, katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Baadaye ikawekwa lami. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa pamoja na Wachina kuanzia 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote kwa milima, mahandaki na madaraja. Miaka ya 1980 ikaongezeka lami ya kwenda Njombe na Songea, kwa msaada wa Uingereza. Basi reli, barabara kuu na tawi la Songea vikawa vimekutana mahali pamoja, na watu wote hao wana matumbo.

Akina mama wa mwanzo hawakuhudhuria semina yoyote. Walichofanya ni kutazama: nani anapita hapa, saa ngapi, na anahitaji nini? Abiria wa basi ana dakika chache tu, ukimwambia asubiri ugali uive utamkosa. Huyo anataka kitu cha kupokea dirishani, yai la kuchemsha, karanga, hindi la kuchoma. Dereva wa lori anayelala hapa anataka sahani iliyojaa na mahali pa kukaa. Na aliyeshuka kwenye treni alfajiri ya Julai, na baridi yetu unaijua na ule upepo wake, huyo chai ya moto anainunua kabla hata hajauliza bei. Kwa hiyo birika moja, vikombe vichache na kuni za kutoka nyumbani vilikuwa ndio mtaji. Mkopo haukuwepo.

Wala haikuwa rahisi. Vijana wa leo hawaamini wakiambiwa kwamba kuna wakati kuuza kitu mkononi kulikuwa karibu na kosa. Mwaka 1983 zilikuja Sheria ya Uhujumu Uchumi na ile ya Nguvu Kazi. Watu wa mijini wasio na kazi inayotambulika walipelekwa vijijini kulima, na neno "mlanguzi" likawa tusi la kumwangukia yeyote mwenye kikapu. Mahindi nayo yalikuwa na mipaka. Mkoa wa Iringa, ambao sisi tulikuwa ndani yake mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa 2012, ulihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa, lakini bila kibali hukuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikaondolewa kabisa. Kwa maoni yangu mwaka huo wa 1987 unastahili kukumbukwa hapa Makambako kuliko tunavyoukumbuka. Ndipo mama aliyekuwa akiuza chai alipoweza kwenda kijijini, akanunua mahindi bila kuogopa kikomo cha kilo, akapakia kwenye gari la watu na kuuza mjini mchana kweupe.

Hapo ndipo wengi walipojifunza vipimo, na wengine kwa machozi. Debe moja la mahindi makavu ni karibu kilo 18 hadi 20, kutegemea ulivyolijaza. Ukinunua kwa debe la kufuta na kuuza kwa mzani, hesabu inatulia. Ukinunua bila kuangalia ukavu, utauziwa maji, yakikauka kilo zimepungua na hela imekwenda. Anayeanza na mahindi apime kwanza gunia moja kwenye mzani kabla hajathubutu kununua kumi.

Suala la fedha lilibaki kuwa gumu. Benki zilitaka dhamana ya nyumba, na nyumba jina ni la baba. Tulichokuwa nacho ni upatu, ambao ni mzuri lakini zamu ikiwa mbali shida haikusubiri. Mfumo wa hisa na sanduku tunaoutumia sisi ulitokea mbali: ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini chini ya shirika la CARE, ukaenea Tanzania miaka ya 2000 kwa jina la VICOBA. Wanachama wananunua hisa, fedha zinawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana.

Sasa niseme letu, maana kijitabu cha sifa tupu hakina faida. Mzunguko wetu wa kwanza nusura utuue. Sanduku lilipojaa, kila mtu alikopa, na karibu wote tulikimbilia mahindi kwa sababu jirani amekimbilia mahindi. Ilikuwa wakati wa mavuno. Bei ikaanguka, tukauza kwa hasara ili kulipa rejesho, wengine wakauza na vyombo vya ndani. Tukakaa kikao kirefu sana. Ndipo ikapitishwa kanuni kwamba hakuna mkopo wa biashara mpaka mwanachama awe ameuza kwa mwezi mzima kwa fedha yake mwenyewe, na daftari lake lisomwe mbele ya wenzake.

Daftari hilo limewafumbua macho wengi. Mfano ni wa maandazi. Unga, sukari, hamira, mafuta na mkaa tuseme ni shilingi 9,000. Unapata maandazi 60, ukiuza kwa 200 ni shilingi 12,000, faida 3,000. Lakini watoto wamekula matano, na kumi umewakopesha majirani wanaosema "nitakupa kesho, mama". Kumi na tano mara 200 ni 3,000. Umeamka saa kumi usiku kwa ajili ya bure! Bila daftari usingejua, ungesema tu biashara ni ngumu. Kwa hiyo maandazi ya watoto yanunuliwe kwa hela ya nyumbani, kama mteja mwingine yeyote, na fedha ya biashara ilale kwenye kopo lake.

Kanuni hii ilitugharimu pia. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alisimama akasema: "Nyie mnasema nianze na cha kwangu. Mimi cha kwangu ni kipi?" Akatoka. Wengi walisema ana hasira tu. Mimi nilikaa na swali lile siku nyingi, kwa sababu hata mama wa birika pale stesheni alikuwa na birika.

Baada ya mwaka tukakubaliana kutoa katika mfuko wa jamii na kununua karai moja kubwa, jiko la mkaa, birika na vikombe kumi na viwili. Haviuzwi wala havitozwi riba. Anayeanza anaazimwa kwa miezi mitatu, anarudisha vikiwa safi, kikivunjika kikombe anakilipa. Tulimfuata mwenzetu nyumbani, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuviazima. Aliuza uji kwa mafundi ujenzi saa nne asubuhi, mahali ambapo hakuna mwingine aliyefikiria kwenda, na mwezi wa tatu alinunua sufuria yake.

Karai lile bado lipo, limepinda ukingo mmoja. Wiki hii liko kwa binti mmoja anayekaanga viazi karibu na stendi, na wawili wengine wameandikisha majina kulisubiri.